Weupe Machoni mwa Kaka Yangu

"Hivi kaka yako anatupiga picha tukiwa hai, au tukiwa tumeshakata roho?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yetu, fundi cherehani, akiwa na picha yake mkononi. Nilicheka, nikamwambia, "Shoga, kamera haisemi uongo."

"Haya, itazame basi."

Uso wake ulikuwa wa bluu, umepauka kama umepakwa unga.

Kaka yangu mtaani wanamwita Tulia, maana kila anayeketi mbele ya kamera yake huambiwa neno hilo hilo moja. Kazi hii ameifanya miaka thelathini na mitatu, tangu enzi za filamu, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba. Mume wangu alipofariki, kaka ndiye aliyekuja kunichukua mimi na mizigo yangu. Hakuuliza nitakaa hadi lini. Alinipa chanuo akasema, "Wewe watengeneze wateja nywele, mimi nitawatengenezea mwanga."

Zilipokuja kamera za dijitali, watu walidhani atashindwa. Wapi! Alinieleza kwamba kamera ni kama mgeni, haijui nyeupe ya hapa ni ipi. Chini ya taa huona kila kitu njano, kivulini huona bluu, mpaka uielekeze. Ndani yake kuna namba ya kupimia rangi ya mwanga: ukiishusha, picha inaelekea bluu. Ukiipandisha, inaelekea njano. Wapo mafundi wanaopima kwa karatasi nyeupe, na wapo wanaoiacha kamera ijipangie yenyewe. Kaka aliwacheka wote. "Macho yangu ndiyo karatasi," alisema. Na kweli. Bwana harusi mweusi tii akiketi kando ya gauni jeupe pe, wote wawili walitoka kama walivyo. Bwana hakumezwa na giza, wala gauni halikuungua kwa mwanga.

Basi, baada ya kuiona picha ya jirani, nikaenda kuitazama kamera. Namba ilikuwa imeshushwa mno, na mwanga umeongezwa kupita kiasi. Nikadhani amejisahau. Nikaiweka ijipangie yenyewe.

Kesho yake akafoka, "Nani kagusa kamera yangu? Watu wote wametoka njano, kama wana homa ya manjano!" Akashusha namba tena.

Hapo nikajua kwamba ugonjwa hauko kwenye kamera. Lakini nilikosa moyo wa kumwambia. Miezi mitatu, kila alipotoka kunawa mikono niliigeuza, naye kila aliporudi aliigeuza. Nilijiambia ni huruma. Mungu anisamehe, ulikuwa woga.

Kisha akaja muuguzi mmoja, binti mdogo tu, kupigwa picha ya kitambulisho cha kazini. Kaka alimtazama, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hukupata muda wa kufua? Sare imekuwa njano."

"Njano? Baba, nimeifua jana, nikaitia na bluu ya kufulia!"

"Mdogo wangu, hebu njoo uone," kaka akaniita. "Mwambie."

Wote wawili walinigeukia. Nilitamani sakafu inimeze.

"Ni nyeupe, kaka," nikasema. "Nyeupe pe."

Binti hakukasirika. Alimsogelea, akammulika macho kwa simu yake, moja baada ya jingine, taratibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, usikae hata wiki. Nenda ukaonane na daktari wa macho."

Tulikwenda. Daktari alisema kinachomfanya aone njano ni utando wa mtoto wa jicho, na utando unaweza kutolewa. Lakini nyuma yake presha ya macho imeshaua mshipa wa kuonea. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto bado lina mwanga kidogo, nao unapungua, na kilichopotea hakirudi. Kaka aliuliza swali moja tu: "Nitaendelea kupiga picha mpaka lini?" Daktari akatazama mezani.

Wiki nzima hakufungua studio. Asubuhi moja nikampelekea chai, nikaketi, nikamweleza yote niliyoifanyia kamera yake.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Na mimi nilikuwa nataka kuita watu waje waiombee."

Tukacheka. Halafu kicheko chake kikageuka kilio. Hata tulipomzika baba sikumwona akilia hivyo. Nilimshika mkono tu, chai ikapoa.

Mara mtu akabisha hodi mbele, anataka picha ya pasipoti. Kaka akajifuta uso kwa kiganja, akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Hapo akasimama.

"Mteja akiingia," akaniambia, "nitajie nguo yake ni rangi gani, na uso wake umekaaje kwenye mwanga. Sema unavyoona wewe, hata nikikubishia."