Dishi langu la Sumbawanga na ujumbe wa mama wa Mollo ambao sikuutuma

Wakuu, heshima kwenu.

Humu mimi ni msomaji tu, kuandika huwa siandiki. Ila wiki hii nzima kila nikifungua jukwaa la teknolojia nakuta watu wanabishana soko la intaneti ya satelaiti lina ukubwa gani, linakua kwa kasi gani, nani atakula na nani ataliwa. Vijana mnaweka michoro yenye mishale inayopanda juu. Nikaona ngoja na mimi niseme, maana hilo soko niliingia wengi wenu mkiwa chekechea.

Nitakayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Chumvi sijatia. Kuna sehemu natamani ingekuwa uongo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nipo Sumbawanga mjini, nimezaliwa hukuhuku Ufipa. Nilikuwa fundi mitambo kwenye shirika moja la umma. Ubinafsishaji ulipokuja tukapunguzwa kazini, nikarudi nyumbani na kiinua mgongo na cheti cha ufundi. Wenzangu walinunua mashine za kusaga. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba serikali imefungua milango, mtu binafsi sasa anaweza kuweka dishi lake na kuuza intaneti. Basi hapo kichwa kikashika moto.

Mke wangu, mama Regina, aliniuliza swali moja tu. "Hiyo intaneti watu wa hapa watailia na nini?" Nikamwona hana maono.

Dishi lilikuja na lori kutoka Mbeya, enzi hizo barabara ya Tunduma ni vumbi na mashimo mwanzo mwisho. Lilikuwa na upana wa kumzidi mtu mzima akilala. Majirani waliuliza kama ni la kukingia maji ya mvua. Nikalifunga kwenye zege zito, maana upepo wa Julai wa hapa kwetu hautaki utani, likisogea kidogo tu mawasiliano yanakata. Nikaweka kompyuta sita, nikafungua internet cafe.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipokosea, na ndipo naona na nyie mnakosea kwenye ile michoro yenu.

Kwenye business plan niliandika kuwa soko langu ni walimu, maofisa, wanafunzi wa sekondari na watu wa miradi. Watu wa kukaa kwenye kiti na kushika mouse. Ukubwa wa soko kwangu ulikuwa ni viti sita, na kukua kwa soko ni kuongeza viti.

Wateja wa viti walikuja kweli. Miaka ya mwanzo foleni ilikuwa inafika nje. Nilijiona bosi, nikaanza kuvaa shati la kuchomekea hata Jumapili.

Lakini wakaanza kuja watu wengine ambao sikuwaandika popote.

Mnajua mambo yetu ya sanduku la posta. Mtu wa kijijini hana S.L.P. yake, anatumia ya shule au ya parokia, juu ya bahasha inaandikwa "kwa mkono wa" fulani. Basi wazazi wenye watoto mbali wakaitumia email ya cafe yangu hivyohivyo. Mtoto yuko Dar, yuko Lusaka, yuko Bondeni, yaani Afrika Kusini, anaandika kwenye anwani yangu, juu anaweka "KWA BABA FULANI, MILEPA" au "KWA MAMA FULANI, MUZE". Mimi naprinti, nakunja, nabandika ubaoni pale mlangoni. Siku za soko wanakuja kuuliza. Asiyejua kusoma namsomea, anataja jibu, naliandika kwenye counter book, lile daftari nene la dukani, halafu nalichapa na kulituma.

Sikuwaita hao wateja. Nilikuwa nawaona usumbufu. Wananijazia mlango, wananuka moshi wa kuni, na vijana wa viti wanawacheka. Sikuwahi kukaa nikajiuliza kwa nini wao ndio hawakosi.

Mmoja wao alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Mollo. Mjane, mkulima wa mahindi na maharage, mwembamba hivi, anatembea kwa miguu mpaka mjini na kapu la maharage kichwani. Tulimwita Mama Ladi, kwa jina la mwanaye Ladislaus.

Huyu Ladi aliondoka vibaya. Aliuza maksai wawili wa mama yake wa kulimia, kimyakimya, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, akapotelea upande wa Tunduma. Mwaka ule mama alilima kwa jembe la mkono. Miaka ikapita, siku moja ikaingia email: "KWA MAMA YANGU, MOLLO." Yuko Bondeni, anahamahama, leo kazi hapa kesho pale. Anwani ya cafe yangu alipewa na kijana wa Muze waliyekutana huko.

Nilimsomea mama yake. Alikaa kwenye benchi mpaka sokoni watu wakaanza kufunga, akaniomba nimsomee tena.

Wakaandikiana hivyo kama mwaka mzima. Salamu, mvua, nani kafariki, nani kaoa. Maksai hakuna aliyewataja. Mimi niliyekuwa katikati nilikuwa nawaona wanavyozunguka.

Halafu kijana akaandika moja kwa moja. Naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliisoma kwa sauti: "Mama, nataka kurudi. Ila kama bado una hasira na mimi kwa wale maksai, sitakuja kukuumiza. Nikipata neno lako nitapanda basi."

Mama akataja jibu. Alikuwa anaongea Kifipa, mimi naandika Kiswahili palepale. Akanifanya nimsomee tena mara mbili, akanirekebisha sehemu moja, akasema haya, peleka. Akaondoka na kapu lake tupu. Nilimwangalia anavyovuka barabara, alikuwa anatembea haraka kama binti.

Nilisema nitachapa kesho. Nilikuwa na wateja wa viti.

Wakuu, link ya satelaiti ilikatwa kesho yake asubuhi.

Haikuwa ajali. Jamaa mmoja alikuwa amefungua cafe nyingine hatua chache tu kutoka kwangu, ana mashine mpya na line ya bei nafuu. Simu nazo zikaanza kuleta intaneti kwenye kiganja, vijana wakanihama wote kama walioitana. Ada ya satelaiti ikanishinda, kampuni ya Dar ikazima. Nilibandika karatasi "TUNAFANYA MATENGENEZO" huku najua hakuna matengenezo. Kompyuta nikauza moja moja, chumba kikawa duka la chaja na betri za redio.

Siku ya soko Mama Ladi akaja. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Ameshajibu?"

Nikamwambia bado.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ningesema, mama, mtandao umekufa, ujumbe wako haujaenda, nisamehe. Maneno mafupi kabisa. Sikuyasema, nilikuwa naona aibu kusema nimefilisika mbele ya mama muuza maharage.

Kuna mdau ataniuliza, si ungeenda kwa yule jamaa jirani ukafungua email yako, ukatuma? Ndiyo. Ningevuka barabara tu. Lakini yule bwana tulikuwa tumerushiana maneno mbele za watu, nikaapa sitakanyaga kwake. Kwenda kukaa kwenye kiti chake kama mteja, anicheke! Kiburi, wakuu. Sina jina lingine la kukiita.

Tena nilikuwa najidanganya na akili ya posta. Nilijua sanduku la posta ukikaa miezi hujalifungua, barua zinakusubiri humohumo, ufunguo si uko mfukoni? Password ninayo, nikasema mambo yakikaa sawa nitafungua na kugawa zote. Mtu aliyefanya biashara ya intaneti miaka yote hiyo, hakujua kuwa email si posta.

Mama akawa anakuja. Kila siku ya soko. "Ameshajibu?" "Bado mama." Mwanzoni alikuwa ananiuliza akiwa amesimama. Baadaye akawa anakaa kidogo kwenye ngazi ndipo anauliza. Mke wangu alianza kutokea mlango wa nyuma kila akimwona, akaniambia siku moja, "Baba Regina, huyu mama unamuua." Nikamwambia aache kunipangia.

Karibu mwaka mmoja baadaye nilikwenda Mbeya kuchukua mzigo. Pale hakuna anayenijua, nikaingia cafe ya stendi, nikafungua ile email.

Ikafunguka. Nyeupe. Hakuna kitu. Kukawa na maelezo kwamba akaunti isipofunguliwa muda mrefu ujumbe wote unafutwa. Ya Milepa, ya Muze, ya Mollo, yote. Hata anwani za walioandika hazikuwepo, nilikuwa sijaziandika popote. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka muda niliolipia ukaisha.

Niliporudi sikumwambia. Ndiyo, hata hapo.

Mara ya mwisho alikuja bila kapu, amejifunga khanga kifuani kwa baridi, anakohoa. Hakuniuliza kama amejibu. Alisema tu, "Basi labda hasira zake ni kubwa kuliko za kwangu." Akanishukuru kwa kumsomea barua za mwanaye. Alinishukuru, wakuu.

Alizikwa kabla ya mvua. Mazishini nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa.

Sasa turudi kwenye soko lenu.

Miaka imekwenda, satelaiti imerudi. Dishi siku hizi dogo, mtu analibeba kwapani. Mimi na uzee huu nimerudi kwenye kazi yangu, nafunga haya madishi. Na wateja wangu ni akina nani? Wenye mashine za mpunga kule bonde la Rukwa. Wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Shule za mwisho wa barabara. Watu walewale niliokuwa nawaona wanajaza mlango. Soko lilikuwepo tangu siku ile, limesimama mlangoni kwangu na makapu, mimi nahesabu viti.

Mwaka huu nikaitwa Muze kufunga dishi kwa bwana mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mtu wa makamo, mvi zimeanza. Niko juu ya bati natafuta upenyo wa anga, yeye chini ananiangalia muda mrefu. Nilipotelemka akaniuliza:

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa na dishi kubwa kule mjini. Mimi nilikuwa nakuandikia. Kwa mama yangu, Mollo."

Nikakaa kwenye gunia.

Akanisimulia kwa utulivu kabisa. Aliandika, akangoja. Akaandika tena, na tena. Barua ya posta hakuandika, maana kwake ule ukimya ndio uliokuwa jibu. Aliporudi nchini alikuta mama amezikwa. Mollo hakuweza kukaa, akateremka huku bonde la Rukwa. "Nilisema mama amenisusa, na ana haki," akasema.

Nikamwambia yote. Link, jirani, kiburi, lile "bado mama" la kila siku ya soko. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Aliuliza kama ile counter book ninayo.

Ninayo. Sikuwahi kuweza kuichoma. Kesho yake nikapanda gari nikampelekea, nikaifungua kwenye ukurasa, nikamkabidhi. Akanirudishia.

"Nisomee," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamsomea."

Nikasoma, mashine imezimwa:

"Ladi, nimesikia. Hao maksai walishaliwa na watu, hasira ya nini tena. Hata rangi zao nimesahau. Nalima kwa mkono na mahindi yapo. Usinunue zawadi. Njoo ule."

Akaomba nirudie. Nikarudia. Halafu akaingia ndani akafunga mlango, nami nikakusanya vifaa vyangu nikaondoka. Hajanipigia mpaka leo, na mimi sina uso wa kumpigia.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kujua soko la intaneti lina ukubwa gani, usihesabu madishi wala viti. Uliza nani anangoja neno kutoka kwa nani. Na ukikubali kubeba neno la mtu, libebe siku hiyohiyo, na ukishindwa mwambie umeshindwa.

Povu nitalipokea, tukaneni mnavyotaka, nastahili.

Ila kama humu yupo mtu aliyekuwa anaandika kwenye ile anwani ya cafe ya Sumbawanga miaka ile, kwa mzazi wake wa Milepa, Muze, Mollo au popote huku kwetu, na hakujibiwa: hawakukususa. Walikuja kila siku ya soko kukuulizia. Ni mimi niliyenyamaza. Niandikie hapa chini jina la mzazi wako, counter book iko mezani, nitaangalia alichokuambia.