Mashine ya Plastiki Niliyoipaka Rangi ya Silva

Jamani, hili jambo linanipa aibu hata kulianza, maana kule Mwamgongo wapo watu ambao mpaka leo wakiniona nashuka kwenye boti wanaanza kucheka kabla sijakanyaga mchanga, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa wale ambao wameshaongeza chumvi (eti nililia, sikulia, maji ya ziwa yaliniingia machoni).

Kazi yangu mnaijua, nakata nyasi. Nazunguka na mashine yangu hapa Kigoma, Katubuka na Mwanga, mpaka kwenye nyumba za wageni kule ufukweni. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya chuma, bodi chuma, magurudumu chuma, nzito mpaka nikifika kwa mteja nimeshachoka kabla ya kuvuta kamba ya injini, na nyasi mbichi zilikuwa zinaganda chini ya bodi, kutu ikala taratibu, mpaka siku moja nikaona kisu kinanichungulia kupitia tundu. Ndipo nikanunua ya plastiki. Injini na kisu ni chuma kama kawaida, ila bodi, magurudumu na lile sanduku la kukusanyia nyasi ni plastiki tupu, na haikuwahi kuniangusha hata siku moja.

Sasa kuna mtu anaitwa Zawadi, na Zawadi ndiye aliyenifanya nianze kupiga pasi mashati. Baba yake, Mzee Bukuru, anakaa Mwamgongo na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mpira pale kijijini. Nilikuwa nimeomba kwenda kujitambulisha, akanipigia simu mwenyewe.

"Njoo Jumamosi na hiyo mashine yako ukate uwanja, Jumapili tuna fainali. Nikuone kwanza unavyofanya kazi, hayo mengine tutaongea baadaye. Lakini ni ya chuma? Uwanja wetu una mawe. Chuma kikipasuka kinachomelewa hapa hapa, plastiki ikipasuka unaipeleka wapi?"

Ningesema ni ya plastiki, baba, ila inakata vizuri, mambo yangeishia hapo. Lakini niliona kama nikitaja plastiki na Zawadi ndiyo basi, nikajikuta nasema, "Chuma tupu, baba."

Ijumaa sikukaa chini. Nilienda Mwanga kwa fundi mmoja anayepaka mageti, nikamwambia aipake yote rangi ya silva, bodi, magurudumu, mpaka sanduku. Akaniuliza, "Unaipamba hivi, inaenda kuolewa?" Nikamjibu anayeenda kuoa ni mimi, afanye haraka. Usiku nilikuwa naamka kila mara kuigusa kama imekauka, na asubuhi vidole vyote vilikuwa vinameremeta.

Kufika Kibirizi kwenye boti, nahodha akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye!" akaitazama mashine. "Hiyo plastiki au chuma? Chuma kinakaa chini kabisa boti isiyumbe, plastiki inakaa juu ya mizigo."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme plastiki (wallahi nilikuwa naisema), nikasikia nyuma yangu, "Mkwe, na wewe upo?" Nikageuka, ni Bi. Tausi, shangazi yake Zawadi, anarudi nyumbani, yuko tayari kabisa kusikiliza. Nikafunga mdomo. Nikaufungua tena. "Chuma," nikasema.

Wakaiweka chini, sanduku likiwa limeshikizwa nyuma. Juu ya bodi wakapanga mifuko ya saruji, mmoja, wa pili, wa tatu, mimi nahesabu, na juu ya saruji wakaongeza kreti za soda za hiyo hiyo fainali. Tulipotoka tu, wimbi la kwanza, nikasikia kraa. Nikasimama. Nikakaa. Nikamwambia nahodha, kaka, hiyo mifuko haiwezi kusogea kidogo upande ule? Akasema, "Chuma hakiumwi, kaa." Kraa. Nikasimama tena. Bi. Tausi akanitazama weee, akauliza kwa sauti ambayo boti nzima ilisikia, "Mkwe, mbona hutulii, unaharisha?" Nikasema hapana, ila nani alinisikiliza? Mama mmoja akanipa ndimu nilambe, mwingine akatoa tangawizi nitafune, nahodha akasema nikizidiwa anaweza kusogeza boti ufukweni nikashuka porini, na mimi nilikubali yote hayo, nikalamba na kutafuna, kwa sababu kuumwa tumbo kulikuwa na heshima kuliko ukweli. Njia nzima nasikiliza kraa.

Mwamgongo tukamkuta Mzee Bukuru ufukweni na kamati nzima, na Zawadi amesimama pembeni kwa wanawake waliokuwa wanaanika dagaa. Pale hakuna gati, mizigo inashushwa na wapagazi wanaosimama majini mpaka kiunoni. Mmoja, jitu la miraba minne, akaja kuchukua sanduku la nyasi. Nahodha akamwonya, "Jipange, hicho ni chuma." Basi akajipanga. Akatanua miguu, akavuta pumzi, akalinyanyua kwa nguvu zake zote, na sanduku kwa sababu halina uzito wowote likaruka juu, yeye akaenda chali majini, miguu ndiyo ikabaki inaonekana. Sanduku likaangukia kule mbele na kuanza kuelea, likiyumba taratibu na silva yake.

Mwanamke mmoja wa dagaa akapiga kelele, "Chuma kinaelea! Njooni muone chuma kinaelea!" Nikajitupa majini na shati langu la pasi kulifukuza, kila nikilikaribia wimbi linalisukuma mbele, na nyuma yangu ufukwe mzima unacheka. Niliporudi nalo, walikuwa wameshaitoa mashine: bodi imepasuka katikati, gurudumu moja linaning'inia, na pale kwenye ufa rangi imebanduka, plastiki nyekundu inaonekana.

Mzee Bukuru ndiye peke yake ambaye hakucheka, na ningempa chochote acheke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii ilikuwa inakata?"

"Inakata vizuri, baba."

"Kwa hiyo ungeniambia plastiki, ingekaa juu ya mizigo, na sasa hivi ungekuwa unakata." Akauliza, "Kuna lingine ulilotudanganya?"

Nilimtazama Zawadi. Nilikuwa nimelowa na nimechoka kabisa, nikasema tu, "Ile nyumba ya Katubuka niliyosema ni yangu. Nimepanga. Chumba kimoja."

Bi. Tausi akasema, "Mungu wangu." Zawadi naye nilikuwa nimemwambia ni yangu. Aliinama akaendelea kugeuza dagaa ambao hawakuhitaji kugeuzwa, na hapo ndipo niliumia kuliko mahali pengine popote siku ile.

Mzee akanipa fyekeo. Tulifyeka uwanja mzima kwa mkono, mimi na kamati, mpaka jua likazama, na viganja vyangu vikatoka malengelenge. Fainali ilichezwa. Mimi nilirudi Kigoma na mashine yangu vipande viwili.

Tangu hapo nimeapa: mteja akinipigia, kabla hajamaliza salamu nimeshamwambia mashine ni ya plastiki, na ina kiraka. Wengine wanakata simu. Wakate.

Zawadi alikaa siku nne bila kupokea simu zangu. Siku ya tano akapiga yeye, hakusalimia, akauliza, "Hicho chumba kina choo ndani?" Nikamwambia hapana, tunachangia nje na wapangaji wengine. Akauliza wangapi. Nikamwambia kumi na mmoja, na sikupunguza hata mmoja.