Chumvi Kwenye Dirisha la Mama Mkwe

Hili nimelikalia miaka mingi, na majirani wa hapa Nkuhungu, Dodoma, wanaolijua wamenistahi sana kwa kutolitaja mbele yangu, lakini leo nalisema mwenyewe maana bado linaniuma: nilimfanya mama mkwe wangu kipofu, na macho yake yalikuwa mazima kuliko haya yangu.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipoachiwa huru, mume wangu kapunguzwa kazi, kajitosa kwenye biashara ya mahindi soko la Kibaigwa, na alipopata kidogo tukang'oa dirisha la mbao pale sebuleni tukaweka la vioo. Mtaa mzima tulikuwa wa kwanza, na mimi kichwa kikavimba. Nikaweka sheria kwamba dirisha halifunguliwi, vumbi lisije likaniharibia makochi, halafu nje chini yake nikapanda maua, kila jioni nayamwagilia kwa mpira, maji yanaruka mpaka kwenye kioo, nami nafurahi kwamba na kioo nacho kinaoga. (Kwetu ni Morogoro, maji yanashuka mlimani matamu kabisa. Sikujua kwamba haya ya kisima cha Dodoma yana chumvi, na yakikaukia juani yanaacha weupe. Birika langu lilijaa magamba meupe ndani, nikalaumu birika.) Jumamosi nafuta kioo kwa sabuni na maji yale yale, naliacha dirisha likauke lenyewe, weupe unazidi, mimi nasema labda ndivyo vioo vinavyozeeka.

Baba mkwe alipofariki tukamleta mama kutoka kijijini. Mama wa Kigogo, mpole, wa maneno machache, na akishajua nyumba ni yako hatii mkono wake wala mdomo wake kwenye usafi wako. Alichagua kiti cha pale dirishani ili jioni amwone mwanawe akitokea barabarani, maana tangu afiwe alikuwa hatulii mpaka amwone amerudi.

Siku moja nampelekea chai, akaniambia taratibu, huku anachambua mawe kwenye mchele, "Mwanangu, siku hizi siwaoni vizuri watu wa barabarani. Kuna weupe."

Mtu mwenye akili angeinama pale pale kwenye kiti akatazama nje. Mimi moyo ulinilipuka. Kesho yake jioni, nikiwa nje na mpira wangu, jirani yangu Mama Hadija kasimama pembeni tunaongea, nikaamua nimpime mama. Nikagonga kioo, nikanyoosha vidole vitatu, nikapaza sauti: "Mama, hivi ni vingapi?"

Akakunja uso, akasogea mpaka pua ikagusa kioo. "Sivioni, mwanangu."

Nilidondosha mpira nikaanza kulia. Mtoto wa jicho, nikasema, mama wa watu anapofuka nyumbani kwangu. Na kuanzia hapo sikumpa nafasi. Mchele nikamnyang'anya (aliokuwa anauchambua vizuri tu, ila nilijiambia ni mazoea ya mikono), jikoni nikamkataza asije akaungua, chooni nikawa nampeleka nimemshika mkono, naye ananifuata kimya. Mume wangu alilia kama mtoto. Kina mama wa jumuiya wakaja kusali, na mmoja wao akamwekea mikono machoni.

Shemeji Elia, mdogo wa mume wangu anayechunga mifugo kijijini, akaitwa. Kikao kikakaa, ikaamuliwa mama afanyiwe operesheni, na auzwe mtamba wake mwekundu, ng'ombe pekee aliyeachiwa na marehemu kwa jina lake mwenyewe.

Hapo mama akasema, na hakusema kwa kunong'ona: "Msimuuze ng'ombe wangu. Mimi naona."

Nikawaambia wenzangu, tena mbele yake, "Wazee wote wanaogopa kisu, msimsikilize." Mimi ndiye niliyesema hivyo. Jumamosi ile ng'ombe akaenda mnadani.

Kliniki ya macho tulikwenda msafara, mume wangu, shemeji, Mama Hadija, kina mama watatu wa jumuiya na mimi nimemshika mgonjwa. Daktari akambandikia karatasi ya herufi ukutani, akamwambia aonyeshe kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi. Akaonyesha mstari wa juu, akaonyesha wa katikati, akashuka hadi ule wa chini kabisa ambao mimi nilikuwa siuoni. Daktari akammulika macho yote mawili, akazima tochi.

"Nani alisema bibi huyu haoni?"

Wote wakanigeukia.

"Sasa bibi, ni kitu gani ulikuwa hukioni?"

Mama akanitazama kwanza, kama anayeniomba ruhusa, na jamani, lile jicho silisahau. Akasema, "Ni pale dirishani tu, baba. Kioo kina weupe."

Shemeji akauliza, "Mama, ulijua ni kioo?"

"Nilijua. Lakini nyumba ni ya mwenyewe. Ningemwambiaje dirisha lako chafu? Baadaye nikasema naona, mkakataa."

Hakuna aliyecheka. Kina mama wa jumuiya walitazama sakafu, mume wangu akatoka nje, nami nikabaki nimemshika mkono mtu asiyehitaji kushikwa.

Tuliporudi, Mama Hadija, ambaye kwao wamekaa mjini hapa na maji haya tangu enzi za babu zake, alikuja na bakuli la ndimu. Akazikamua, akalowanisha vipande vya kanga kuukuu, akavibandika kwenye kioo. "Usikikwangue kikavu, utakikwaruza. Iache ndimu ifanye kazi." Tulipovibandua, weupe ulikuwa umelainika kama uji, nikaufuta, nikasuuza kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa, nikakausha kwa gazeti papo hapo kabla tone halijakauka. Barabara ikaonekana yote mpaka mwisho.

Shemeji alirudi mnadani kumfuatilia mtamba, akaambiwa alishaondoka na lori la Dar es Salaam. Mama hakunisema hata siku moja. Alirudi kwenye kiti chake, jioni akimwona mwanawe kwa mbali ananiambia niweke chai. Ila Jumamosi asubuhi, ng'ombe wa mnada wanapopita, alikuwa anakigeuza kiti kinatazama ukutani mpaka wapite wote.

Maua niliyang'oa. Na siku hizi mtu akiniambia haoni kitu, simbishii wala simlilii, naenda kwanza kukaa pale alipokaa yeye.