Mwizi Aliyekwenda Kuposa

Kosa langu ni kiherehere. Nilipoipata kwenye simu sehemu moja ya ule mchezo wa wezi na wapelelezi tuliokuwa tukiutazama utotoni Changamwe, sikungoja hata kuiangalia. Nilipiga simu kila upande: Idi mosi, baada ya chakula cha mchana, nyote kwangu Utange! Nikamwalika shangazi yangu, aliyekuwa akitutafsiria Kiingereza, na mama jirani, mtu wa bara, aliyekuwa na televisheni pekee katika mstari wetu wa nyumba.

Siku hizo sebule ya mama jirani ilijaa wanawake na watoto hadi mlangoni. Shangazi alikaa mbele juu ya kigoda, anasikiliza, kisha anatugeukia. "Yuwasema amekuja kuposa." Hadithi naikumbuka neno kwa neno. Kijana wa suti nyeupe anampenda binti wa tajiri. Kaingia karamuni, na ule mkufu wa almasi ndio mahari. Lakini mjomba wa binti, yule bwana wa koti refu, hakushirikishwa katika posa, ndiyo maana anamkimbiza kijana wa watu juu ya mapaa. Tulilia, wallahi. Wanawake walimlaani yule mjomba, na mmoja akaapa kwamba posa ya bintiye haitapita bila kakake kuambiwa.

Asubuhi ya Idi, biriani iko motoni, nikaona niionje kidogo ile sehemu ya mchezo. Dakika ya tatu nikakaa chini pale pale jikoni. Hakuna bwana harusi, hakuna mjomba. Wa suti nyeupe ni mwizi, mkufu anautoa kwenye sefu, na wa koti ni mpelelezi. Hata binti ni mwenzake katika wizi! Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha kicheko kikanikauka. Shangazi amepita miaka sabini, na fahari yake kubwa ni kile Kiingereza. Na mimi ndimi niliyewaita watu waje kumvua nguo.

Nikaomba umeme upotee, televisheni niliyoiunganisha na simu izimike. Umeme, ambao hupotea hata tukiuhitaji kwa mazishi, siku hiyo ulikaa kitako.

Wageni walikula wakashiba. Shangazi akavuta kiti mbele bila kuombwa, na kijana wa suti nyeupe alipotokea tu, akatugeukia kwa sauti ile ile ya zamani: "Huyo kaja kuposa." Mimi nikawa napitisha halwa, nagonganisha sahani kusudi Kiingereza kisisikike. Watu wanacheka, wanamlaani mjomba upya, na moyo wangu ukaanza kutulia. Nilikuwa nimesahau jambo moja tu, kumwonya mume wangu.

"Lakini shangazi," akasema, halwa ingali mdomoni, "huyu si mwizi? Mwenyewe amesema sasa hivi."

Shangazi akaanza kuukunja ukingo wa mtandio wake, anaukunja na kuukunjua. Nilitamani ardhi inimeze, na mume wangu atangulie.

Mama jirani akaweka kikombe chini. "Ni mwizi," akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Kabla sijaolewa nilikuwa nafundisha Kiingereza."

"Miaka yote hiyo?" Shangazi akamgeukia, uso umemwiva. "Ukaniacha niwadanganye watu nyumbani mwako?"

"Mimi nilikuwa mgeni Changamwe, sina ndugu hata mmoja. Mume wangu yuko kazini kwenye matangi ya mafuta kutwa. Televisheni nilikuwa naitazama peke yangu. Ulipokuja na watoto ukaanza kutafsiri, ndipo nyumba ikajaa watu."

"Si ungenambia tu, mwenzangu!"

"Ningekuambia, ungerudi kesho yake?"

Shangazi akauachia ule mtandio.

"Wallahi," akasema, "nisingerudi."