Ramani Iliyoniletea Watu Sebuleni

Mtu wa kwanza aligonga mlango asubuhi, shavu limevimba, akaniuliza kama daktari wa meno ameshafika.

Nikamwambia, "Baba, hapa mwenye meno ni mimi tu, na yenyewe yamebaki machache."

Hakucheka. Akanionyesha simu yake. Kwenye ramani, alama ya jino ilikuwa imekaa juu ya paa langu kabisa.

Kabla ya saa sita akaja mwingine anataka mbao. Jioni, mwanamke aliyevaa wigi anatafuta fundi cherehani.

Jamani, mimi ni dobi mstaafu. Maisha yangu yote nimepiga pasi mashuka ya hoteli. Mume wangu alishatangulia, binti yangu yuko ng'ambo. Hunipigia Jumapili huku anapika, nikasikia nusu yeye, nusu sufuria.

Mlango wangu haukuwahi kugongwa hivyo tangu matanga ya mume wangu.

Wiki haijaisha nimechoka. Nikapiga simu kwenye kampuni ya ile ramani, nikawatukana mpaka nikaishiwa maneno. Fundi wao, binti mpole, akanieleza taratibu. Walikuwa na ramani mbili, moja ya barabara, moja ya biashara, wakaziunganisha. Biashara zisizo na namba ya nyumba, kompyuta haikujua iziweke wapi, ikazirundika zote katikati ya mtaa.

"Na katikati ya mtaa ni wapi?"

"Ni sebuleni kwako, mama."

Akaahidi kurekebisha, na kwamba akipata nafasi atafika mwenyewe kuhakikisha.

Sasa sikia vituko. Watu waliendelea kuja. Si wengi kama mwanzo, lakini walikuja, na hasira zikaanza kuniisha. Huwezi kumwelekeza mtu njia amesimama juani. Unampa kiti. Ukishampa kiti, unampa chai.

Dereva wa vifurushi alikuja na boksi la mtu wa mtaa wa pili, akanieleza mkewe alivyoondoka, akamaliza mkate wangu. Baada ya siku chache huyo tena, na boksi lingine. Mwanamke wa wigi naye akarudi, eti bado anamtafuta fundi yule yule.

"Kwani wewe huna mdomo wa kuuliza?" nikamwambia.

"Mama, hizi ramani zinanishinda."

Alikaa mpaka giza likaingia. Alinisaidia kukunja nguo, akakunja ovyo, nikamfundisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa napona, na sikutaka dawa ikatwe.

Ndipo nikaanza kuomba yule fundi wa ramani asije.

Akaja. Akaniamkia, akakaa, akafungua kompyuta mapajani. Sikumsubiri aongee.

"Mwanangu, iache tu ilivyo."

"Niache nini, mama?"

"Hiyo ramani. Ukiirekebisha, nikifunga huu mlango sina mtu. Nitakaa humu na pasi yangu mpaka Jumapili."

Nikalia. Sikupanga, lakini nililia mbele ya mtoto wa watu.

Akanigeuzia kompyuta. Pale kwangu palikuwa na paa tupu. Akanionyesha kwamba sasa unaweza kuwasha ramani moja na kuzima nyingine, na duka lisilojulikana lilipo halionekani mpaka mwenyewe aje aonyeshe.

"Mama, tulisharekebisha. Tangu siku ile ile uliyotutukana."

Dereva alikuwa hapa jana. Mwanamke wa wigi, juzi.

"Basi hawa wanaokuja wanaletwa na nini?"

Akatikisa kichwa.

Tukiwa hapo, mlango ukagongwa. Mwanamke wa wigi, simu mkononi, imezimwa, kioo cheusi.

"Shikamoo mama. Hii ramani imenileta tena."

Maneno yalinijaa mdomoni. Ningeweza kumuumbua hapo hapo, na shahidi ninaye. Lakini nikaona alivyosimama, mguu mmoja bado nje, kama mtu aliyezoea kufukuzwa.

"Marahaba. Ingia mwanangu," nikasema. "Hizi ramani zinatutesa sana."

Fundi akainamisha kichwa, akafunga kompyuta yake.

Ndugu zangu, kuna watu hawawezi kutamka kwamba wako peke yao. Watakuja na kisingizio. Kipokee kama kilivyo, usikichunguze. Mimi mwenyewe nilimwambia mtu wa kampuni kabla sijamwambia mwanangu wa kumzaa.

Yule mwanamke sijui hata anakaa wapi, sijawahi kumuuliza. Kesho nitamuuliza. Keshokutwa nitagonga kwake, nimwambie nimepotea njia.