Chupa ya Ambriyaji Hadi Mongbwalu

Niliondoka Bunia kwa sababu dada yangu Masika alinipigia simu Jumatano asubuhi, akaanza makelele hata kabla ya kunisalimu. "Kambale, ile gari itaua mutoto yangu!" Ninyi wa Butembo mnamjua Masika: akisema mvua inanyesha, toka nje kwanza uangalie. Lakini mara hii alikuwa na haki. Mume wake, shemeki yangu, ambaye wote tunamwita Papa Furaha, ananunua dhahabu kule Mongbwalu. Basi alikuwa amejiagizia gari ya Amerika kupitia Kampala: milango miwili, rangi nyekundu, kifua kipana, tumbo karibu liguse udongo. Vijana wanaiita gari ya misuli. Misuli yote hiyo, na ilifika Mongbwalu juu ya lori, imefungwa kamba kama ng'ombe, maana kwa barabara zetu isingemaliza hata kilometa kumi.

Shemeki aliitaka kwa kazi moja tu. Jumamosi, binti yake Furaha anaolewa. Gari imshushe kutoka nyumbani, kileleni, mpaka mlango wa kanisa, bondeni. Lakini alipoijaribu, pedali ya kushoto, ile ya ambriyaji, yaani klachi, ilizama, na pedali ya freni nayo ikaanza kulegea. Nikamwambia Masika afungue kapo, kifuniko cha injini, anitumie picha. Nilipoiona nikasonya. Chupa ya mafuta ilikuwa moja! Freni na ambriyaji zinakunywa pamoja, mrija huu na mrija huu. Ambriyaji ikivujisha au ikichafua mafuta, freni nayo inaugua.

"Furaha ashuke kwa miguu," nikasema.

"Weye unacheka? Upande wa bwana arusi watakuwa wamesimama pale chini. Wataongea tumewatupia mutoto sawa mufuko ya makala ya kupikia."

Hapo nikaanza kutafuta spana zangu. Wale wa upande wa pili wa bonde, kwao bwana arusi, na hawa wa kwetu walikuwa wanasalimiana tena tangu vita iishe, wanauziana mihogo tena, lakini kula sahani moja, bado. Arusi hii ilikuwa sahani ya kwanza. Amani ilikuwepo, naam, amani ya kutembea kwa ncha za vidole.

Alhamisi alfajiri, Ngezi, mtaa wa Bunia ninakokaa. Nilitoa chupa ndogo ya mafuta ya freni kwenye basi bovu lililolala nyuma ya nyumba yangu, mke wangu akaiosha mara tatu akilalamika kwamba sufuria zake hazijawahi kupata heshima hiyo. Nikaongeza mrija mpya, vibano, kipande cha bati cha kuishikilia chupa, na bidoni moja ya mafuta ya freni. Nikapanda lori la masanduku ya bia.

Saa nne, kizuizi cha pili. Askari aliyeshika kamba alichungulia mfuko wangu.

"Hii chupa ni ya nini?"

"Ya gari, shefu."

"Gari iko wapi?"

"Iko Mongbwalu."

"Na chupa yake iko huku?"

"Ndiyo, shefu. Njo ninaipeleka."

Akafungua bidoni, akanusa, akafunga macho. "Hii ni lotoko, pombe kali."

"Shefu, hii inakausha matumbo. Si ya kunywa."

"Kunywa kidogo, tuone."

Nikamweleza kwa upole kwamba nikinywa nitamfia hapo hapo, na ripoti ataandika yeye. Akairudisha bidoni haraka sana. Ila hakutaka nipite bure bila maandishi, kwa hiyo alichukua daftari akaandika, nami nikatia sahihi: "Chupa tupu moja, inaenda kuonana na gari yake."

Saa kumi, Mongbwalu. Vumbi, mashimo, wachimbaji wenye tope mpaka nyusi. Shemeki alinipokea akiwa amevaa miwani ya jua na anapangusa gari kwa kitenge kipya cha Masika. Masika alikuwa pembeni anaangalia kitenge, hasemi kitu, na mnajua Masika akinyamaza ni nini.

"Shemeki, karibu! Umeiona?" akasema mume wake.

"Nimeiona. Inataka kuua mutoto."

"Aa, gari ya milioni ya farasi haiwezi kukosa freni."

Ijumaa asubuhi nilianza kazi. Kwanza nilikaza kiungo kilichovujisha. Kisha nikatoa mrija wa ambriyaji kwenye chupa ya pamoja, na lile tundu lililobaki nikaliziba na kulibana mara mbili. Chupa yangu ya basi bovu nikaifunga kwa bati pembeni, juu kuliko pampu ya ambriyaji ili mafuta yateremke yenyewe, nikaunganisha mrija mpya. Watu walikuja kutazama. Mmoja akauliza kwa nini nimeitundikia gari maji ya hospitali. Shemeki naye hakupendezwa, alisema Amerika nzima haikuona haja ya chupa mbili, mimi wa Ngezi ni nani.

Sasa ilibaki kutoa hewa ndani ya mrija, na kazi hiyo inataka mtu wa kukanyaga pedali. Aliyekuja ni Furaha mwenyewe, nywele zimesukwa nusu, miguu mitupu.

"Mujomba, niambie."

"Tia! Shika hapo. Achia! Tia tena!"

Alikanyaga karibu saa nzima huku msusi anamsubiri dirishani na kitana mkononi. Mara akauliza kwa sauti ndogo, "Mujomba, hii mulima ni kali. Kweli itasimama?" Nikamwambia itasimama. Kisha nikajaribu freni mwenyewe mara ishirini, maana neno nilikuwa nimeshalitoa. Kazi ya hewa ilimaliza bidoni yangu. Chupa mpya ilibaki na mafuta ya kidole kimoja. Nikasema nitanunua mengine kesho asubuhi niongeze.

Ijumaa, saa kumi jioni, Pasta akaja. Kwetu gari mpya haitoki nyumbani bila kuombewa, na mafuta ya upako yanapakwa. Pasta huyu ni mtu mzuri, mrefu, mwenye koti kubwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akaizunguka gari, akapaka magurudumu, akapaka usukani, akauliza, "Na kitu kipya kupita vyote ni kipi?"

Shemeki, yule yule aliyeniuliza mimi ni nani, akafungua kapo kwa majivuno. "Ni hii chupa, Pasta. Amerika hawana."

Tukainamisha vichwa, tukafumba macho. Sasa sikieni. Katikati ya maombi nikasikia krrr, krrr, krrr. Ile sauti niliijua. Ni kifuniko changu, nilikifunga mwenyewe mizunguko mitatu. Halafu nikasikia mafuta yanashuka, gulu, gulu, na mama mmoja wa kwaya anasema, "Ongeza, Pasta! Ongeza!" Ningepaswa kupiga kelele. Lakini nani anapiga kelele mbele ya mtu anayeombea mtoto wa dada yako? Nikajiambia labda Pasta anafungua chupa yake. Nikafumba macho zaidi, nikasema Amina, tena kwa nguvu kuliko wote. Nikajiambia tena nitaangalia baadaye. Baadaye ikaletwa sombe na samaki wa Tchomia, nami, Mungu anisamehe, nikala. Shemeki alikaa ndani ya gari mpaka jua likazama, anakanyaga pedali kuwaonyesha wageni jinsi ilivyo laini.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nilikuwa bado natafuta mafuta sokoni nikasikia gari inanguruma. Nikakimbia. Kwaya ilikuwa imeshaanza kushuka na nyimbo, Furaha amekaa nyuma na gauni limejaza kiti chote, Shemeki yuko kwenye usukani anatoka jasho. Alikuwa amekanyaga ambriyaji, ikaenda chini, ikabaki chini. Gari inapiga kelele za simba, gia hazikubali kuingia, na haisogei hata shubiri.

Nikafungua kapo. Chupa yangu ilikuwa imejaa mpaka shingoni mafuta ya rangi ya jani, yananukia zeituni, yale ya upako. Mafuta ya chakula yakiingia kwenye raba za ambriyaji, raba zinavimba, na kazi imekwisha. Nikaogopa. Si kwa ajili ya ambriyaji. Nilikuwa nawaza, kama chupa ingebaki moja vile ilivyotoka Amerika, zeituni ile yote ingekuwa ndani ya freni. Nikafungua chupa ya freni, nikainusa. Ilikuwa safi, imejaa, haina harufu ya zeituni.

Masika alinishika shati. "Freni iko?"

"Iko."

"Apa!"

"Siapi. Nitaendesha miye."

Nikamtoa Shemeki, nikakaa, nikaiacha mashine inawaka kwa sababu ndiyo inayozipa freni nguvu, nikahakikisha hakuna gia. Kutoka mlangoni mpaka mteremko kulikuwa na tambarare, ilibidi tusukumwe. Wanaume wa upande wa bwana arusi walikuwa wamepanda kuja kuona kwa nini tumechelewa. Shemeki alitaka ardhi immeze. Lakini mjomba wa bwana arusi akaangalia gari, akaangalia watu wetu wanaosukuma, akavua koti.

"Kumbe na yenu inasukumwa? Siye tulizani ni yetu tu."

Akaweka mabega, na wenzake wote wakaweka.

Basi tukashuka. Gari inanguruma kama inaenda mbio, nasi tunatembea mwendo wa kwaya, hatua mbili mbele, hatua moja ya kucheza. Mguu wangu haukutoka kwenye freni. Katikati ya mteremko Furaha akaniambia kutoka nyuma, "Mujomba, kama tunakufa, niambie mapema nitoe viatu, vinaniumiza."

Kanisani, mlangoni, Pasta alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono juu. Nikampigia honi. Hakusogea. Aliyaamini mafuta yake, yule baba! Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Gari ikasimama hatua moja kutoka viatu vyake, na watu wakapiga vigelegele mpaka bonde likaitika. Furaha alifunga ndoa bila viatu.

Baada ya chakula nilimwita Pasta pembeni nikamwonyesha chupa. Aliinusa, akaelewa kabla sijaeleza.

"Na kama chupa ingekuwa moja?"

"Freni zingekunywa pia, Pasta. Weye ungekuwa wa kwanza."

Akaangalia viatu vyake, akaenda nyumbani bila koti lake.

Jumapili, ibada. Nilitegemea ushuhuda: jinsi upako ulivyosimamisha gari mlimani. Tayari mji mzima ulikuwa unasema hivyo. Pasta akapanda mimbari, akasema, "Mimi nilitia mafuta ndani ya chupa, fasi sikujua. Sikuuliza fundi. Mutoto wa watu karibu afe, ni juu yangu. Munisamehe."

Maneno hayo ni mageni kwetu. Hatujazoea. Tangu vita iishe, wakubwa wangapi nimewasikia wakisema "makosa yalifanyika"? Aliyefanya haonekani kamwe. Huyu alisema "ni mimi", mchana kweupe, kwa maikrofoni.

Nilihisi moto masikioni. Nikasimama. "Pasta, miye nilisikia kifuniko. Nilijua. Nikasema Amina."

Masika aligeuka akaniangalia, na yale macho sitaki kuyaona tena. Kabla hajafungua mdomo, Shemeki akasimama: yeye ndiye aliyeonyesha chupa. Mama wa kwaya akasimama analia: yeye ndiye aliyesema aongeze. Mmoja ndiye aliyemmulikia Pasta tochi chini ya kapo. Mwingine hakufanya lolote, lakini siku ile aliicheka chupa, na sasa anaona haya. Ilikuwa kama soko. Mtu angedhani gari ile iliharibiwa na mji mzima kwa zamu.

Kisha akasimama yule mjomba wa bwana arusi, aliyetusukuma.

"Miye sikugusa chupa," akasema. "Lakini ule mwaka watu walikimbia, mulango ya bluu ya Mama Dorika, ni miye niliubeba. Uko kwangu."

Mama Dorika, jirani wa Masika, mjane, alikuwa benchi la tatu. Hakugeuka.

"Ninajua," akasema. "Kila siku nikienda shamba ninaupita."

Ibada ikaisha saa tisa.

Jumatatu asubuhi, kurudi Bunia. Lori letu lilisimama njiani kumpisha mtu mwenye mlango wa bluu kichwani, anapanda mlima polepole. Nikamwomba dereva anisubiri kidogo, nikamfuata mwenye mlango kwa miguu. Kwa Mama Dorika akaushusha, akauegemeza ukutani, wote wawili wakausimamisha pale pa kuingilia. Haukuenea. Mama alikuwa amejenga upya baada ya vita, na udongo alioweza kubeba peke yake ulimtosha nyumba ndogo ya mlango mwembamba tu.

Nilienda Mongbwalu nikidhani kazi yangu ni kutenganisha mafuta na mafuta, na ile niliifanya vizuri, siwezi kujidharau. Lakini kwa miaka hii yote tuliyoita amani, nilikuwa sijajua kwamba aliyeibiwa anajua, na anapita pale kila siku na jembe begani, anasalimia.

Yule mzee, mjomba wa bwana arusi, alikuwa anauliza kama aukate. "Nitapunguza pembeni, mama, nina msumeno."

"Acha mulango," Mama Dorika akasema, akachukua jembe lake, akaanza kubomoa ukuta, apanue pa kuingilia.