Wajawazito Kumi na Tisa Nyumbani kwa Balozi

Filomena Kasimiri hakuwa mvivu, na mtu asikudanganye. Mwanamke aliyefika kutoka Newala akaanza kwa kuchota maji ya kuuza, kisha akalea watoto wanne katika chumba kimoja cha Manzese huku mumewe akichonga vinyago, huyo humwiti mvivu. Kwa miaka tisa alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mwenye fulana ya bluu na mkoba, anayebisha hodi kuuliza nani mjamzito, nani amejifungua, mtoto gani hajachanjwa. Alijua hata mimba ambazo waume walikuwa hawajaambiwa.

Kosa lake lilianza siku zahanati ilipompa simu yenye ramani. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: simama mlangoni kwa mjamzito, andika jina na hali yake, bonyeza, na mlango ule unakuwa nukta kwenye ramani. Mama mwenye dalili za hatari anapewa nukta nyekundu. Akizidiwa, dereva wa dharura anaifuata nukta hadi alipo. Lakini waliotengeneza simu ile hawajawahi kupita vichochoro vya Manzese, ambako bati la huyu limelala juu ya bati la yule na anga huioni ila kwa kubahatisha. Simu ilizunguka tu ikitafuta mahali ilipo, dakika kumi, dakika kumi na tano, Filomena ameinyanyua juu mkono unamuuma, watoto wanamcheka.

Ilipobaki siku moja kabla ya kukabidhi kazi, wajawazito kumi na tisa walikuwa bado. Akaenda kuketi barazani kwa Mzee Romani, balozi wa mtaa, penye uwazi, akawaingiza wote bila kunyanyuka. Wala hakuona kuwa anadanganya. Mgeni gani anaingia mtaani bila kupitia kwa balozi? Mwenye posa, mwenye kuleta habari za msiba, hata polisi, wote huanzia kwa Mzee Romani, naye huwafikisha mlangoni. Kwa Filomena, aliyefika kwa balozi alikuwa amefika.

Wiki mbili baadaye wahudumu waliitwa kikaoni Kinondoni. Sista Samiha, muuguzi anayesimamia takwimu, akaiwasha ramani ukutani.

"Jamani, tazameni kazi ya Mama Filomena," alisema. "Hapa pekee wako kumi na tisa. Tumeamua kliniki ya mkoba, ile inayowafuata kina mama mtaani, iwekwe hapa hapa."

Watu wakapiga makofi. Filomena akatabasamu kwa midomo tu. Wajawazito kumi na tisa nyumbani kwa mjane wa miaka sabini na moja! Mzee Romani angesikia, angehama mji. Siku nyingine angecheka mpaka machozi. Nitamwambia sista wakati wa chai, alijisemea.

Chai haijafika, simu ya dharura ikalia. Sista Samiha aliipokea, na chumba kizima kikasikia kelele za mwanamke: "Mie Jenipher, jirani yake Genoveva! Anarusha miguu, macho yamegeuka, njooni!" Kisha ikakatika, na ilipopigwa tena haikupatikana.

Genoveva alikuwa na mimba ya miezi minane na presha. Filomena alikuwa amemwona Jumatatu, miguu imevimba, uso umevimba, akaigeuza nukta yake kuwa nyekundu mwenyewe.

"Nimempata Hudhaifa wa bajaji, yuko karibu," alisema Sista Samiha, akionyesha alama inayosogea ukutani. "Haya, ameshafika. Yuko juu ya nukta kabisa."

Filomena alisimama. Juu ya nukta ni kwa Mzee Romani, na Mzee Romani tangu asubuhi yuko msibani Mbezi Beach. Kwa Genoveva ni vichochoro vinne upande wa pili, na bajaji huingilia njia nyingine kabisa. Ilimpitia akilini kwamba anaweza kunyamaza, dereva aulizie mwenyewe, na hakuna atakayejua. Fikra hiyo ilikuja kumtia aibu kuliko kosa lenyewe.

"Siyo hapo!" alipiga kelele. "Sista, nipe simu. Siyo hapo!"

"Mama, ramani inasema nimefika," Hudhaifa alilalamika. "Namuulizia Genoveva, wanasema hamna mtu huyo."

"Hawamjui kwa jina hilo, mwanangu. Ulizia Mama Edgar wa maandazi. Rudi barabarani, pita kwa fundi makochi, kata kushoto penye mashine ya kusaga. Bajaji iache hapo, kimbia kwa miguu. Mlango wa tatu, pazia la kijani."

"Mafundi makochi wako wawili huku!"

"Wa pili! Yule wa pili!"

Alama ya bajaji ikasogea, ikasimama, ikarudi nyuma, ikasimama tena. Filomena aliikodolea macho akiomba Mungu. Na kama pazia limefuliwa? Na kama wamempeleka ndani kwa jirani? Zilipita dakika kumi na saba. Hudhaifa alipopiga alisema maneno mawili tu: "Nimempata. Tunaondoka." Yu hai au hayuko hai, hakusema.

Sista Samiha hakugomba. "Tutaongea kesho," alisema, na hilo likamuuma Filomena kuliko kugombezwa. Akaenda hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka kukapambazuka, ndipo aliporuhusiwa kuingia. Genoveva alikuwa amepasuliwa, midomo imemkauka, kichanga wa kike amelazwa kifuani.

"Dada Filo," alisema kwa sauti ndogo, akamshika mkono. "Mungu akubariki. Bila ile simu yako wangenipatia wapi?"

Shukrani hiyo Filomena hakuweza kuimeza.

"Simu yangu ndiyo iliyompoteza dereva, mdogo wangu. Mie sikukuandika kwako. Nilikuandika kwa balozi."

Genoveva aliutoa mkono wake, akamfunika mtoto kichwa.

"Na Jenipher?" aliuliza. "Siku zake za kujifungua zimeshatimia. Yeye umemwandika wapi?"

"Hapo hapo."

"Basi umekaa huku unafanya nini?"